Slabu ya Akiki Sebuleni

Alhamisi, 30 Oktoba 2025
Imefika! Slabu ya akiki, jiwe la kijani lenye miviringo. Mafundi wanne kuibeba. Wameweka taa nyuma yake, wakawasha — wueh! Ukuta wote wa sebule unang'aa. Nusu ya mtaa wetu wa Majimbo wamekuja kuchungulia. Mume wangu Njiru anasema rangi tu ingetosha. Wanaume! Jumamosi wazazi wa Mithika wanakuja kumposa Ciku wetu. Msichana wetu wa kwanza. Wakute ukuta mtupu?

Jumamosi, 1 Novemba
Walifika saa tano, watu saba na magunia mawili ya viazi. Wakulima wa Kibirichia, kule Meru, watu wa heshima zao. Mlangoni wakaona jiwe linawaka. Mama Mithika akainama, akavua viatu. Wote wakavua! Nikawaambia ingieni tu navyo — wapi. Wakakalia ncha za viti kama wako kwa daktari. Mjomba, yule msemaji wao, akauliza hilo jiwe lina kazi gani. Nikasema ni urembo. Nikaongeza limetoka ng'ambo. Mdomo wangu huu!

Wakanong'onezana Kimeru. Mjomba akasimama, akasema walikuwa wanapita tu, wakaona watusalimie.

Wanapita! Kutoka Kibirichia mpaka Embu!

Ciku hakutajwa hata jina. Pilau sufuria nzima imebaki.

Jumapili, 2 Novemba
Kanisani sikusikia neno. Ciku haongei na mimi.

Jumanne, 4 Novemba
Mithika amempigia Ciku. Wazee wao wamesema watu wanaobandika vito ukutani, mahari yao hata shamba likiuzwa haitatosha. Atafute msichana wa kwao.

Ngai! Mimi nilitaka watuheshimu, kumbe nimewatisha. Mahari yenyewe hatukuwa hata tumeiwazia! Ciku amelia, akaniambia, "Mama, umeniharibia kwa sababu ya jiwe." Nimezima zile taa.

Jumamosi, 8 Novemba
Kibirichia. Naandika ndani ya gari, langoni kwao. Wazazi wa msichana kuja kubembeleza — nani aliwahi kuona! Njiru alisema tutachekwa mpaka Runyenjes. Lakini ndiye ameendesha.

Mama Mithika alikuwa kwa viazi, matope mpaka magotini. Alipotuona alishika kichwa. Akasema tungoje hapo hapo kidogo, nyumba haiko sawa. Nikamwambia mama, hata kwa nyasi tutakaa. Alishakimbia.

Dakika ishirini sasa. Viti vinapitishwa juu ya ua kutoka kwa jirani. Kochi pia! Mjomba amelibeba upande mmoja, Mithika upande mwingine. Mama Mithika amevaa nguo ya kanisa, anapiga deki huku anaangalia gari. Yote haya kwa sababu yangu. Naona aibu.

Nimepiga honi. Nimepunga mkono, waache, jamani waache!

Wameongeza mbio.