Mwaka Mmoja wa Kimya Mteremkoni: Mzee Nsajigwa Mwakibinga wa Kawetele

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu tukulaze juu ya mteremko wako hapa Kawetele, na katika mwaka huo wote, ukiacha Jumamosi moja, hakuna mtoto hata mmoja aliyeserereka.

Anayeandika ni mimi mkamwana wako, Atuganile, mama Tulia. Wanao walisema wangeandika wao. Mmoja alikuwa anatafuta picha nzuri, mwingine alikuwa anatafuta maneno mazuri, wiki tatu zikapita. Nimechukua kalamu. Maneno mazuri sina. Nina ya kweli, na mengine ni ya hasira. Jina lako lililo hapo juu, na la mdogo wako kila linapotokea, ameliandika Meshaki, mwanao, mume wangu. Mila hainiruhusu kulitaja jina la baba mkwe, na katika hilo sina ugomvi na mila.

Siku sita za wiki ulikuwa mtu wa chai na ndizi. Ulichuma, ulipalilia, ulizungumza na ng'ombe wako kuliko na majirani. Lakini Jumamosi saa nane mchana ulikuwa unasimama juu ya mteremko na panga mkononi, na maganda ya mgomba ya kuserereka umeyapanga kwenye majani kama samaki sokoni. Mapana ya wazazi, membamba ya watoto. Ulichagua mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, ukabandua ganda la nje ukalitupa, ukachukua la pili, lile lenye maji. Ulikuwa unasema la kwanza linakwaruza matako, na watoto walicheka kila wiki kana kwamba hawajawahi kusikia.

Mvua ilipokuwa imenyesha ulifurahi, kwa sababu nyasi zilikuwa na utelezi. Mvua ilipokuwa inanyesha ulifurahi zaidi.

Ulikuwa na kanuni tatu na hukuzilegeza kwa mtu yeyote. Mtoto aje na mtu wake mzima. Mtu mzima asiyeserereka asisimame karibu. Na kabla ya kujiachia, kila mmoja ataje jina lake kwa sauti, ili walio chini wajue nani anakuja na wampishe. "Taja jina, ndipo ushuke." Tulilisikia hilo mpaka chini kwenye migomba.

Na watu walikuja. Zuber, muuza vitenge wa Ibighi, alikuja na Bi Kuruthumu na watoto wao watatu, na ndoo ya maandazi iliyofunikwa kitambaa. Zuber alisema siku ya kwanza kwamba yeye ana mgongo. Ukamwambia kila mtu ana mgongo, akae juu ya ganda. Mwalimu Godwin alipasua suruali mbele ya wanafunzi wake na Jumatatu akaingia darasani kama kawaida. Baada ya kuserereka kulikuwa na kuvuta kamba, wazazi upande mmoja na watoto wote upande mwingine, na watoto walikuwa wanashinda kwa sababu walikuwa wengi na wazazi walikuwa wanacheka. Wakichoka uliwatolea zile pia zako za kuzungusha, za mti wa mpera, ukawafundisha kuzichapa mpaka ziimbe. Hakuna kitu pale kilichonunuliwa dukani isipokuwa kamba.

Mimi miaka sita ya kwanza nilitazama kwa mbali. Wanaosoma hili na si wa kwetu waelewe: kwa mila ya zamani ya Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni na hawasemeshani. Wengi wameacha. Wewe hukuacha, nami nilikuheshimu, ingawa nilikuwa nimetoka chuoni na diploma yangu ya kilimo na kichwa kimejaa. Ukipita njia, niliingia kwenye migomba. Ukiwa na neno nami, ulimtuma Tulia, aliyekuwa na miaka minne na alikuwa anafikisha nusu yake.

Kisha ikaja Jumamosi ile ambayo Tulia alikataa kushuka bila mimi. Ukamtuma aniambie kanuni ni kanuni, mtoto haserereki bila mtu wake. Ili nipande bila kukutana nawe, ulizunguka kwa nyuma, ukateremka ukajificha kwenye migomba ya kushoto. Ulidhani nitachukua muda. Mimi sichukui muda. Nilipanda, nikakaa, nikampakata mtoto, nikataja jina, tukaondoka. Katikati ganda likageuka, likaacha njia, likaelekea migomba ya kushoto.

Nilikupiga miguuni, Baba. Tulianguka wote watatu na kofia yako ikaenda zake. Wanawake walishika midomo. Mdogo wako, Baba mdogo Jairo, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Ukasema ukiwa bado kwenye tope, "Mama Tulia, umeumia?"

Ndiyo maneno yako ya kwanza kwangu katika miaka sita. Nikajibu, "Hapana, Baba. Wewe je?"

"Mimi nimeumia heshima tu," ukasema, ukaanza kucheka, na ukicheka ulikuwa huwezi kuinuka, ikabidi Zuber na mgongo wake wakuvute.

Baba mdogo Jairo alisema jambo hilo haliwezi kupita hivi hivi, lazima kuku atolewe. Ukakubali. Kuku akachinjwa, akaliwa pale pale na watoto, na tangu siku ile tukawa tunazungumza. Ulinifundisha kuujua mgomba kwa kuugonga kwa ngumi. Nilikufundisha kupunguza matawi ya mparachichi. Hakuna chuo kilichonipa mwalimu mvumilivu kama wewe.

Sasa nije kwenye hasira.

Siku ya msiba wako watu walijaa mpaka barabarani. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema ulipenda watoto. Nilihesabu, walikuwa kumi na mmoja, na kati ya hao waliowahi kukalia ganda la mgomba ni wawili. Wote walisema utakumbukwa. Ndaga, yaani asante, wakaenda kula.

Tulikuzika juu pale ambapo mteremko unaanzia, kwa kuwa Meshaki alieleza kikao cha ukoo kuwa ndivyo ulivyoagiza. Jumamosi ya tatu baada ya msiba, Tulia na Ikram, bintiye Zuber, walibandua maganda wenyewe wakaenda. Bi Kuruthumu alikwenda nao, kanuni walizikumbuka. Tulia alitaja jina lake kwa sauti, akashuka. Aliposimama chini alimkuta Baba mdogo Jairo na fimbo.

Hakumchapa. Afadhali angemchapa. Alimwambia, "Unapiga kelele juu ya kichwa cha babu yako? Umemtukana marehemu."

Wiki iliyofuata ikaja seng'enge, kuanzia kaburini hadi chini kwenye migomba, na ubao umeandikwa kwa rangi nyekundu: MAKABURI. HESHIMA. Kaburi ni moja, Baba, lakini waliandika mengi. Walipiga nguzo kumi na sita kulinda nyasi zisikaliwe na watoto.

Tulia ana miaka tisa. Tangu siku ile hapiti pale. Akitumwa maji anazunguka kwenye shamba la chai, njia mara mbili, ndoo kichwani. Nilidhani ni uvivu wa kuruka mfereji. Nilipomuuliza aliniambia anaogopa babu bado amekasirika. Aliniuliza kama marehemu akitukanwa anaweza kusamehe, au inabaki hivyo hivyo.

Mtoto aliyekuwa anakubebea panga ameishi mwaka mzima akidhani wewe humtaki. Hilo ndilo lililofanywa kwa jina la heshima.

Katika kikao cha ukoo mimi sikuweza kusema. Baba mdogo Jairo naye ni baba mkwe wangu, na yeye sijawahi kumgonga miguuni. Nilimwambia Meshaki aseme. Alirudi akasema wazee walikuwa wengi. Nikamwambia kwenye kuvuta kamba wazee walikuwa wengi pia na tuliwavuta. Akanyamaza. Anayemjua Meshaki anajua kunyamaza kwake: kunaweza kujaza nyumba.

Mwezi uliopita tulikuwa tunapukuchua mahindi barazani, mimi nikiongea peke yangu juu ya kumbukumbu hii. Ukoo ulikuwa umepanga turubai, viti vya plastiki, vigae vyeupe juu ya kaburi na hotuba. Nikasema kwa nini mtu aombe kuzikwa kwenye mteremko kama hataki kusikia watoto. Meshaki akaacha mahindi. Akasema bila kunitazama kwamba wewe ulisema maneno mawili, na yeye kwenye kikao alisema moja.

Nilimwambia aseme yote, sasa hivi, kama yalivyotoka kinywani mwako. Akasema:

"Alisema, nizikeni pale juu mteremko unapoanzia, na watoto wasiache kuja. Nataka niwe nasikia majina."

Nililimwaga lile sinia la mahindi. Sitasema nililimwagia wapi.

Alieleza kwamba kwenye kikao alianza na neno la kwanza, na kabla hajamaliza Baba mdogo akalia. Meshaki alikuwa hajawahi kumwona akilia. Kisha wakaanza kupanga saruji na waya, na kila siku iliyopita ilifanya neno la pili kuwa zito zaidi. Hivyo ndivyo mtu mzima mwenye akili zake alivyokaa na wosia wa baba yake mfukoni mwaka mzima, huku binti yake akizunguka shamba la chai na ndoo kichwani.

Na wewe, Baba, nina neno nawe. Wanao wote uliwajua. Kwa nini wosia wenye kelele ulimwachia mtoto wako asiye na sauti? Nilikuwa pale pale jikoni, nakupikia uji. Tulishakuwa tunazungumza. Ungeniita ukaniambia mimi, na hata nguzo moja isingepigwa. Nadhani ulitaka Meshaki ajifunze kusema. Amejifunza, lakini ada imelipwa na mtoto.

Nilimpa Meshaki mambo mawili achague: aende kwa Baba mdogo akaseme, au niandike hapa bila yeye. Akasema, "Nitakwenda. Na wewe andika."

Alikwenda siku hiyo hiyo. Aliniambia Baba mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, akamtaka arudie, akarudia. Kisha akauliza kwa nini hakusema siku ile. Meshaki akamjibu, "Ulikuwa unalia, Baba." Mwishowe mzee akasema kwamba yeye alipiga waya kwa sababu kila aliposikia majina yale yakiitwa alisubiri kusikia sauti yako ikijibu, na haikujibu.

Nilipoambiwa hivyo hasira yangu ilipungua kidogo, kiasi cha kijiko. Huzuni yake naielewa. Lakini huzuni ya mzee haikupaswa kubebeshwa mtoto wa miaka tisa, na hilo naliandika hapa ili lisomwe.

Siku ya Alhamisi Meshaki alikata waya kwa koleo, kwenye nguzo zote kumi na sita. Ubao tumeugeuza, tutakatia maandazi. Vigae tumekataa, kaburi lako lina nyasi na litabaki na nyasi. Jioni, kabla jua halijazama, Meshaki alimchukua Tulia mpaka pale juu, akamweleza mwenyewe neno la pili, mbele yako. Mimi nilibaki chini, sikusikia waliyosema. Nilichoona ni kwamba walirudi kwa njia fupi.

Hivyo hapatakuwa na turubai wala hotuba. Baada ya sala fupi, Jumamosi hii saa nane mchana, tutaserereka. Jamaa, majirani na marafiki wa Tukuyu, Ibighi na Kawetele, njooni na watoto wenu, na nguo ambazo hamtazililia. Maganda tumeshakata, ya pili, yenye maji. Anayekuja na nguo nyeupe ya msiba asiseme hakuambiwa. Baba mdogo Jairo ametuma ujumbe kwamba atakuja lakini atakaa kwenye kiti. Tumemrudishia ujumbe kwamba kanuni anaijua, na kwamba ganda pana limewekwa kando kwa ajili yake.

Baba, ulikuwa mtu mwema uliyewafanya watu wazima wakae kwenye tope na watoto wao bila aibu. Tumekukosa barazani, shambani na kwenye kamba. Mungu aendelee kukupumzisha.

Wanaokukumbuka, na watakaotaja majina yao kwa sauti Jumamosi kabla ya kushuka, ili ujue nani amekuja:

Mjane wako Tupokigwe, ambaye amesema ana miaka sabini na anashuka wa kwanza. Wanao Meshaki, Anyitike na Jenifer. Mdogo wako Jairo, akiacha kiti. Wakamwana wako Esnath na mimi Atuganile. Rafiki zako Zuber na Bi Kuruthumu, na Mwalimu Godwin mwenye suruali mpya. Wajukuu zako wote na watoto wa Ibighi, wakiongozwa na Ikram.

Na Tulia. Ameomba ashuke wa mwisho, peke yake, pakiwa pametulia, ili usichanganye sauti yake na ya mtu mwingine.

Tutakukumbuka daima, Baba, na safari hii kwa kelele.