Wifi, Iache Friza Yangu

Nyumbani kwa mama, Murakami,
Mkoa wa Niigata.
Tarehe 9 Oktoba

Mpendwa wifi yangu Sanae,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako mpunga umeshavunwa na asubuhi tumeanza kuvaa soksi nzito. Hujambo? Mumeo mgongo wake umepoa? Huko Kagoshima najua jua bado kali, na ule mlima wenu wa volkano bado unawamwagia majivu kwenye nguo mlizoanika. Sisi tu wazima. Sayo amerefuka, viatu vya mvua ulivyomletea vimeshaanza kumbana.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu wewe ndiye husema, mimi huitikia tu. Barua haikatizwi. Basi soma mpaka mwisho, na usimpigie mama kabla hujamaliza.

Wifi, ulinikosea. Ile siku ya Agosti tuliporudi kutoka kuzuru makaburi ya wazee, ulifungua friza yangu mbele ya wajomba na mashangazi, ukauinua juu mfuko wa vitonge vya mboga vya kugandishwa, ukasema, "Jamani, njooni mumwone anayemlea mtoto wa ndugu yangu! Kumbe ni friza!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikawamiminia chai. Kicheko kile mpaka leo sijakisahau.

Wewe ukapanda ndege, mimi nikabaki na mama. Tangu siku ile akaninyang'anya kazi ya kumfungia Sayo chakula cha chekechea. "Wewe nenda tu kazini, mwanangu, umechoka," ananiambia, na "mwanangu" yake ina pilipili. Anachemsha spinachi, anaikamua, anaitia ufuta. Boga analipika mpaka linang'aa. Hata mimi nakitamani. Lakini Sayo hali. Unajua pale chekechea mtoto hatoki kucheza mpaka amalize kisanduku chake cha chakula. Wenzake wako nje kwenye mchanga, yeye kaketi anaangalia boga, boga nalo linamwangalia. Jioni kisanduku kinarudi kama kilivyokwenda. Mtoto akaanza kukonda, wifi. Kila akiuona mkoba wake anasema tumbo linamuuma. Hilo ndilo lililonishikisha kalamu, si fahari yangu.

Shule sikufika mbali, kama unavyopenda kunikumbusha. Lakini kusoma nyuma ya pakiti najua. Karoti, spinachi, viazi vitamu, chumvi kidogo. Vile vilivyojaa mafuta na chumvi navirudisha rafuni. Muuguzi wa kliniki ya watoto aliniambia mboga ikigandishwa mara tu baada ya kuvunwa, nguvu zake nyingi zinabaki. Na mimi kiwanda cha samaki kinaningoja mapema. Natia vitonge vikiwa bado barafu, vinaupoza wali njiani, saa ya kula ikifika vimelainika. Sayo anavila vyote, halafu anaonja mpaka figiri ya pembeni. Spinachi iliyorudi nyumbani, wifi, haijampa mtu damu.

Sasa sikia. Juzi mama alikuwa ananisema jikoni, kwa maneno yako yale yale unayomwambia kwenye simu, hata sauti ni yako: "Chakula cha wavivu!" Sayo akasikia. Akavuta kiti, akafungua friza, akatoa kitonge kimoja cha karoti, akakiweka kwenye kimadhabahu cha marehemu baba, mbele ya picha yake. Akagonga kengele, akakutanisha viganja kama anayeomba.

"Babu, kula wewe. Bibi hataki."

Mama akakitazama kile kitonge. Unamjua mama yako: kilichotolewa kwa baba hakitupwi, lazima kiteremshwe kiliwe na mtu wa nyumbani. Ndugu yako Teppei alikuwa kazini. Mimi nikasema nimeshiba, na nilikuwa na njaa. Sayo naye akasema, "Mimi nimempa Babu, siwezi kumpokonya."

Kitonge kikayeyuka pale pale. Mama akakiteremsha, akakila kwa kusimama, amenipa mgongo. Akatafuna, akatafuna.

"Hakina chumvi," akasema.

"Ni cha watoto, mama."

"Mkweo angekichovya kwenye sosi ya soya." Akafuta mikono. "Haya, kesho mtie hivyo vyako. Mimi nitamkunjia yai la kukaanga tu."

Kesho yake kisanduku kilirudi kitupu, hata punje ya wali haikubaki, na Sayo ana mchanga mpaka kwenye nywele. Nilikiosha huku naimba.

Kwa hiyo nakuomba, na ombi hili lina meno: mama akikupigia Jumapili, usimchochee tena. Mwambie kwa kinywa chako kwamba ulikosea. Sitaki zawadi, sitaki viatu vingine. Nataka mwanangu ale, atoke, acheze. Nina matumaini kwamba Mwaka Mpya utamkuta na mashavu yake.

Nisalimie mumeo, na Itsuki wako, na mama mkwe wako pia, ambaye sijasikia akifunguliwa friza na mtu. Wazee wetu waliotangulia wakukinge na majivu ya mlima, na waulainishe ulimi wako.

Mkija Mwaka Mpya, friza mtaikuta pale pale. Ila ukiifungua, fungua kwa adabu. Vitonge vya rafu ya juu ni vya Sayo. Vya chini ni vya mama yako.

Ni mimi wifi yako, nakupenda kwa shida, lakini nakupenda,

Kozue