Pingamizi Dhidi ya Zuberi

Jumatatu, 4 Mei
Chai, mihogo, dawa ya presha. Ukungu bado Magamba. Habari ya asubuhi: wakulima wa chai wamemteua Zuberi awe msuluhishi wao. Kampuni ya nje ilikataa kupokea chai yao, na mkataba unasema ugomvi uamuliwe na wasuluhishi watatu, si mahakama. Kila upande huteua mmoja, na hao wawili humchagua wa tatu. Mimi na Zuberi tulikuwa mahakimu pamoja. Hukumu zake nilimsahihishia mimi. Naona wivu. Nauandika wazi.

Alhamisi, 7 Mei
Zuberi kapita na koti jipya. "Mwenzangu, nakwenda kukaa meza moja na Wazungu!"
"Usije ukasinzia kama ulivyozoea mahakamani Korogwe."
Alicheka sana. Mimi sikucheka.

Jumanne, 12 Mei
Soni, kununua mbegu za kabichi. Wakili wa kampuni, kijana, kaniamkia shikamoo na kuniuliza kama namjua Zuberi. Nikasema ni mtu wa nyumbani kwa mwenyekiti wa wakulima. Nikaongeza kwamba baba yake mwenyekiti alipofariki, Zuberi alishika jembe la kwanza kaburini. Si uongo. Ila sikueleza kwamba huku kila jirani huchimba kaburi, Mwislamu kwa Mlutheri.

Ijumaa, 22 Mei
Kampuni imeweka pingamizi. Msuluhishi hutakiwa kutaja kila uhusiano wake na wenye shauri. Zuberi hakutaja mazishi yale. Nani huku huhesabu kuzika kuwa uhusiano? Lakini jambo lisilotajwa laweza kutengua uamuzi wote, au mahakama ya kwao kampuni ikakataa kuutekeleza. Wakulima washinde, wabaki mikono mitupu. Dada yangu naye ana shamba la chai Mponde. Aibu. Na bado, furaha kidogo. Mbaya sana hiyo.

Jumatano, 27 Mei
Zuberi kajiuzulu mwenyewe, uamuzi usije ukaharibika baadaye. Mchana mwenyekiti kaja na wazee wawili na kikapu cha mapeasi. "Mzee wetu, nafasi ile sasa ni yako."
Ndiyo niliyoitamani. Nikawaeleza haiwezekani: siku ya mazishi yale nami nilichimba. Wakasema kampuni haijui. Nikasema kampuni ilijua ya Zuberi kwa kinywa changu.
Mwenyekiti akavaa kofia. Wameondoka bila kuaga.

Jumapili, 31 Mei
Manyunyu. Nimekwenda kwa Zuberi na maelezo marefu kichwani. Alikuwa akipalilia vitunguu. Alikwishasikia kwamba ni mimi niliyesema. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nikaingia mstari wa pili. Tumepalilia mpaka adhana ya adhuhuri.