Mama mkwe alivyomkumbatia Fikirini gatini

Hafsa, uko wapi? Kaka Fikirini hataki kuingia nyumbani kwake!

Leo mchana tumemsindikiza mama mkwe wake, Bi Siti, gatini Salale apande boti ya Maparoni. Boti ikachelewa, kaka akatupa mshipi. Mwenzangu, kanasa chewa mkubwa kama gunia la mpunga!

Na mshipi si alikuwa kauzungushia mkononi? Samaki akavuta, kaka akaburuzwa mpaka ukingoni, miguu inateleza. Sisi wote tunapiga kelele tu.

Bi Siti huyo! Katupa mkoba, kamkumbatia mkwewe kwa nyuma. Kiunoni, Hafsa! Yule ambaye hata sahani hapokezani naye!

Kaka analia, "Mama, niache, ni aibu!"

Bi Siti anamjibu, "Aibu utaiona baadaye, kwanza uwe hai! Muzdalifa, kata mshipi!"

Nikaukata kwa kisu cha chambo. Chewa kaenda zake. Wao wakaanguka chali, mkwe juu ya mkwe, mbele ya gati zima. Kiunoni, Hafsa, bado siamini!

Bi Siti kateguka mguu, boti ikamwacha. Kwa hiyo yuko kwa kaka mpaka apone.

Sasa hivi kaka yuko uani, mkono umefungwa kitambaa. Anakaa, anainuka, anachungulia mlangoni, anarudi.

Bi Siti kamsikia, kapaza sauti kutoka ndani: "Fikirini mwanangu, ingia ule. Nimeshafumba macho."

Kaingia, Hafsa. Naye kafumba yake.