Kipumulio cha Baba Mkwe

Shangazi Themelina mpendwa, nisaidie, maji yamenifika shingoni, na mimi ni mzamia sifongo hapa kisiwani Kalymnos, kwa hiyo sisemi kwa mzaha. Nilipomuoa Kalotina, baba yake, Mzee Nomikos, alinivika shingoni kipumulio chake cha zamani, kile cha mdomoni cha kuvutia hewa ya mtungi, mbele ya ukoo mzima, aina isiyosawazishwa, ya springi tupu, nami nikaapa sitavuta hewa kwa kingine, basi mwezi uliopita kikaanza kuvuja hewa chenyewe, fsss, wazee gatini wakacheka, "Sakellaris, unachemsha kahawa?", nikaona aibu, nikakaza springi kikanyamaza, ila sasa nikifika mita thelathini navuta hewa kwa kupigana, napanda kichwa kinagonga, na juzi niliona giza, sijamwambia mtu. Kalotina ana mimba ya miezi saba, ameninunulia kipya kilichosawazishwa, na baba yake alipokiona akasema, "Hicho cha watalii!" Nikikitumia namvunjia mzee heshima, nisipokitumia naogopa kufa. Nifanyeje?

Sakellaris, pole mwanangu. Sasa nikugombeze. Kipumulio kilikuwa kinakuambia kitu, wewe ukakiziba mdomo! Cha namna hiyo, springi peke yake ndiyo inayozuia hewa. Presha ikizidi, kinavuja, na huko kuvuja ndiko onyo lake. Ugonjwa huenda uko kwenye kifaa kilichofungwa juu ya mtungi, kile kinachopunguza presha. Wewe umemfuta kamasi mgonjwa wa kifua.

Hicho kipya, hewa yenyewe inasaidia kushikilia vali, yaani kizibo cha ndani, kwa hiyo springi ni laini na pumzi inakuja kwa wepesi hata chini kabisa. Watalii gani! Ila usikiabudu: kina vipande vingi, hakipigi kelele mapema, na kinataka fundi, si bisibisi yako ya jikoni.

Kesho huzami, umenisikia? Nenda kwa daktari na hicho kichwa, na vifaa vyote, pamoja na cha juu ya mtungi, vipeleke kwa fundi. Vikirudi, kipya mdomoni, cha mzee kifuani, kiwe akiba. Na kwa kuwa uliapa mbele za watu, kamwambie Nomikos mbele za watu: "Baba, chako kiko hapa kifuani. Siku pumzi ikinikwama, ndicho kitakachoniokoa."

Mzee ataguna. Mwache agune, anayeguna si anapumua? Nataka mtoto wa Kalotina awakute wote wawili mnaguniana hivyo hivyo.