Communiqué ya Délice

Dada Délice,

Asubuhi hii umesema mu radio, na hauko hapa. Naandika mbio, unisamehe maandiko. Nakusalimia, weye na kila muntu anakulinda kule. Afya iko? Hapa Nyamianda risasi zimetulia, minye niko muzima. Juu ya Mama, nitakuambia.

Siku ile ulivuka ziwa kukimbia vita, na hatukupata tena habari yako, waporaji walibeba ordinateur, ile kompyuta ya radio, ile ulikuwa unatumikia. Kumbe Étienne, teknisye, alikuwa amechunga kopi yake nzima mu disque: programu, nyimbo, sauti zote, mpaka picha ya Mama kwenye ekra. Directeur Antoine akapata machine ingine, ya namna ingine kabisa, Étienne akaanza kuirudishia ile kopi. Minye nalinda groupe, ile jenereta ya courant, nikawa naangalia kwa dirisha.

Ilikataa. Ekra ikakuwa bleu, ikazimika, ikawaka, ikazimika tena. Directeur akamuchekelea, akasema Lazaro wake anakufa mara ya pili. Étienne akajibu eti wameivalisha nguo za marehemu, mabega yanabana, wamuache kwanza apanue mishono. Akatafuta pilote, zile programu ndogo za kuongoza vyombo vya ile machine mupya, akazitia. Ikawaka, sawa kabisa vile uliiacha. Wakapiga mikono.

Minye nikaona taa ya émetteur iko nyekundu, maana tunasikika inje. Nikawaza wanajua. Unanijua, kusema mbele ya wakubwa kunanishinda. Na ile programu, vile uliipanga mbele ya vita, inajianzishaka yenyewe kila machine inawaka. Ikatoa communiqué yako ya zamani, lile tangazo la kuondoa matanga ya Babu, kwa sauti yako: familia yote ifike Bwegera, njia iko muzuri, minye Délice niko nawangojea kule.

Étienne alirukia bouton kama muntu ameona nyoka. Ilikuwa imemaliza kusema.

Nilikimbia nyumbani. Jirani Félicité akaniambia kama Mama aliacha fufu kwenye moto, akapiga vigelegele mu parcelle, kiwanja kizima: mutoto wake haikufa, iko Bwegera! Akafunga kitenge, akashika njia. Félicité alimuvuta mukono, akamukumbusha kwamba kule plaine, ku tambarare ya Bwegera, wangali wanapigana, hata panya walihama. Mama akamuuliza kama yeye anajua kuliko radio. Dada, nani atamulaumu? Hapa kwetu communiqué njo inatuitaka ku kilio, njo inatuitaka ku ndoa, na hakuna muntu anaulizaka mara mbili.

Nilikuwa ningali nimesimama pale, Nduwimana wa boti akafika kutoka Rumonge, ng'ambo ya ziwa. Akasema alikuona mu camp ya wakimbizi kwa macho yake, uko muzima. Habari ile Mama alikuwa anaomba kila siku imefika, na yeye ameshaenda kukutafuta ku vita.

Réseau ya simu wameikata, njo maana nakuandikia. Nduwimana anarudi sasa hivi na barua hii. Sijue Mama atanisadiki namna gani, yeye amesikia weye mwenyewe kwa masikio yake. Nitalia mbele yake. Nitamubeba, kama anakataa.

Unisalimie wote wa kule, na ukae salama. Siwezi kuongeza. Toussaint, mwenye kunibeba na pikipiki, anapiga honi ya moto yake; anasema barrière ya Sange, kile kizuizi cha njia, wakiifunga, hakuna muntu atapita tena leo, na Mama iko mbele yetu na miguu yake ile ya kuvimba. Naenda.

Ndugu yako,
Iradukunda