Na Watumishi

Jumamosi, 4 Mei
Nimempeleka Mama kwenye lile jumba la shambani alikokuwa yaya kabla sijazaliwa. Siku hizi ni makumbusho, ghorofani kumejaa picha za kuchora. Tiketi anazo mkononi, bado akazunguka nyuma kutafuta mlango wa jikoni! Nikamshika mkono, tukaingia kwa mbele.

Chumbani kwa bibi mwenye nyumba akavuka kamba, akaanza kutandika kitanda upya. Ati pembe za shuka zimekunjwa ovyo. Mlinzi akaja mbio — Mama akamwuliza nani kamfundisha kazi. Nilicheka, kisha nikaona haya.

Ukumbini kuna picha kubwa, watu kumi ngazini. Katikati ni Mama, msichana wa miaka ishirini, kambeba mtoto wa nyumba. Kibao kinataja familia yote, hadi mbwa. Halafu: “na watumishi.” Mbwa ana jina! Nimerudi damu inanichemka.

Jumatatu, 6 Mei
Nimempigia simu msimamizi wa makumbusho. Mpole. Majina wanayataka sana, ila hakuna aliyebaki wa kumwuliza. Nikamwambia yupo mmoja. Basi, tuje Ijumaa.

Jumatano, 8 Mei
Leo Mama kaniita kwa jina la marehemu dada yake. Mara mbili. Ijumaa naiona mbali. Akisahau yeye, wale watu wamekwisha kabisa.

Ijumaa, 10 Mei
Naandikia hapa hapa ukumbini, kwenye benchi.

Mama alichangamka! Kidole juu ya kioo, mmoja mmoja: mpishi, dobi, dereva, mtunza bustani. Jina, la baba yake, nani mchoyo, nani alikoroma. Hata la mbwa walikosea. Msimamizi anaandika mbio mbio. Machozi yalinitoka, sikujali.

Akabaki yeye mwenyewe.

“Mtoto namjua,” kasema. “Huyu halali mpaka nimbebe mgongoni.”

“Na aliyembeba, bibi?”

Kasogea karibu. Katazama sana.

“Huyu simjui. Nani kampa mtoto?”

Msimamizi kanigeukia. Nimwambie mama yangu yeye ni nani, mbele ya mgeni? Nimeomba dakika tano, nimekuja kukaa.

Dakika tano zimepita. Mama hajatoka mbele ya picha. Anamwelekeza yule msichana, kwa upole, amshikilie mtoto shingo vizuri.